Ushuru wa Kulala Bure

Miaka ishirini na minane nimetandika vitanda vya watu nisiowajua. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika gesti moja karibu na stesheni, gesti ya vyumba kumi na vinne, na mpaka leo ukiniamsha usingizini ukanipa shuka, nitatandika macho yakiwa yamefumba na kona zitakaa. Kazi niliiacha pale magoti yalipoanza kusema kabla yangu kila nikiinama. Mwili ulistaafu. Mikono haikupata barua.

Nayasema haya mapema kwa sababu kosa lililotokea ni la mikono hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwepo tu.

Nina mdogo wangu mmoja aliyebaki. Tulizaliwa saba, wa mwisho ni yeye, na nyumbani tulimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama. Sasa ana miaka sitini na mitatu, ana binti mkubwa, na bado ni Kitinda. Anakaa kwa huyo binti yake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mwaka huu madaktari walimkuta na uvimbe shingoni, ule ambao daktari akiutaja hushusha sauti, utadhani wenyewe unasikiliza. Wakasema tiba yake ni mionzi, mara thelathini, kila siku ya kazi kwa wiki sita, na mashine iko hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Hospitali haikulazi. Unaingia, unalala juu ya meza dakika kumi, unatoka, unakwenda zako. Unakwenda zako wapi, hiyo si kazi ya mashine.

"Dada," Kitinda akaniambia siku tulipotoka kwa daktari, "wiki sita mji wa watu, tutalala juu ya paa? Tuache tu. Nimeshaishi."

Namjua. Kitinda haogopi kufa. Anachoogopa ni kusumbua watu. Mwambie maji yako jikoni lakini kuna mtu amekaa mlangoni, atalala na kiu asimwambie huyo mtu apishe. Tangu siku ile nikajua kazi yangu ni moja tu: asione mtu yeyote akisumbuka kwa ajili yake. Akimwona mmoja, tumekwisha.

Binti yake ananiita Mama Mkubwa. Anatengeneza simu, na ndiye aliyekuja na habari ya kubadilishana nyumba.

"Kuna watu, Mama Mkubwa, wanakutana kwenye simu. Wewe unakwenda kulala kwao, wao wanakuja kulala kwako. Hakuna anayemlipa mwenzake."

"Na waume tunabadilishana?"

"Mama Mkubwa!"

"Nauliza ili nijue nifungashe nini."

Haikupita wiki mbili akawapata mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Nyumba yao iko karibu na ile hospitali, mwendo wa kumaliza nusu ya maneno yako. Na binti yao anaishi mji wetu huu, katika chumba kimoja cha kupanga, alikuwa na mimba ya mapacha na mumewe yuko kazini mbali. Wao walitaka kuwa karibu na uzazi, sisi tulitaka kuwa karibu na mashine. Nikasema kama hii si kazi ya Mungu, basi simu nayo imeanza kuwa na huruma.

Mara ya kwanza tukabadilishana wiki mbili. Kitinda alikwenda kupimwa na kutengenezewa ile barakoa ya plastiki wanayombana nayo uso asitikisike. Nililala kitanda cha Mke wa Mwalimu, nikapikia sufuria zake, na Kitinda akakaa barazani kwao bila kumwomba mtu msamaha hata mara moja. Tukarudi nyumbani kusubiri tarehe. Tarehe ikaja: Jumatatu. Wale wenzetu wangefika Jumamosi, sisi tuondoke Jumapili.

Jumatano kabla ya hapo, mchana, mtu akabisha hodi.

Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, begi linaning'inia ubavuni, viatu vimelika upande mmoja kama penseli ya mtoto mwenye wasiwasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza kitu, sina hela. Kama unatafuta mchumba, kaa tuzungumze."

Hakucheka, lakini alikaa. Alikaa kama mtu aliyesubiri kiti tangu alfajiri.

"Natoka manispaa. Idara ya ushuru wa wageni."

"Wageni gani?"

"Wanaolala mjini hapa. Kila kichwa, kila usiku. Wanaolala hotelini, wanaolala gesti, na siku hizi hata nyumba za watu. Tumeambiwa hapa kwako wamelala wawili, usiku kumi na nne."

"Nani kawaambia? Yule jirani wa mkono wa kushoto? Huyo hata paka wangu akipata mgeni anajua."

"Si jirani. Ni mgeni mwenyewe. Kuna mzee mmoja, mwalimu, siku anaondoka alipita ofisini kwetu. Akasema yeye ni mgeni, amelala mji wetu, anauliza kama kuna chochote anachotakiwa kulipa."

Nimeishi miaka sabini na miwili na sijawahi kusikia mtu amepita ofisi ya ushuru kuulizia. Ni sawa na kwenda kwa daktari wa meno kumsalimia.

"Mwanangu," nikamwambia, "hawa hawakunipa hata senti. Hii si biashara. Ni nyumba ya mjane, ina vyumba viwili na panya mmoja, na panya ni wa kudumu."

Nikainuka kumletea maji. Niliporudi alikuwa amesimama kwenye ile meza ndogo ya mlangoni, kavaa miwani, anasoma.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya mikono yangu. Juu ya meza kulikuwa na daftari. Nililinunua siku moja kabla Mwalimu hajaja mara ya kwanza, na sikumbuki kama nilikata shauri kulinunua. Nililipigia mistari kwa rula: tarehe ya kuingia, jina, anakotoka, chumba, tarehe ya kutoka, maoni. Funguo mbili zilining'inia kwenye misumari, kila mmoja una kibao cha mti, mmoja una 1, mwingine una 2. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na juu ya kitanda kuna taulo iliyokunjwa na kipande kidogo cha sabuni juu yake. Na ukutani, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi niliosifiwa sana zamani: *Wageni wanaombwa wasipige pasi juu ya kitanda.*

Yule afisa akasoma kwa sauti. "Chumba namba mbili. Maoni: mashuka safi, utulivu wa kutosha, taa ya chooni inapepesa. Alama, tisa kwa kumi." Akaniangalia juu ya miwani. "Na ameandika kwa wino mwekundu."

"Ni mwalimu. Hana wino mwingine."

"Mama, umesema si biashara."

"Si biashara."

"Chumba namba moja. Chumba namba mbili."

"Vyumba viko viwili, baba. Nikitaka kuvitaja nisemeje, huyu na yule?"

Akarudi kwenye kiti, akatoa karatasi. "Hizo wiki mbili wewe ulilala wapi?"

"Kwao."

"Ulilipa?"

"Sikulipa."

"Basi."

"Basi nini?"

"Wewe umelala bure kwa sababu wao wamelala kwako. Wao wamelala bure kwa sababu wewe umelala kwao. Hiyo si bure, mama. Hayo ni malipo yamejifunika shuka."

"Sasa hivi nimekupa maji, na wewe umesema ahsante. Nikuandikie risiti?"

Akapumua, pumzi ndefu ya mtu mzima. "Nimetembea mitaa kumi na mmoja leo. Sheria sikuitunga mimi."

"Najua. Aliyeitunga ana viatu vizuri."

Hapo akacheka kidogo, akajifuta jasho, kisha akaandika. Kucheka hakukumzuia. Karatasi ilisema mgeni yeyote asilale kwangu mpaka ofisi iamue. Nifike Ijumaa, na daftari nije nalo. Na wakikutwa wageni ndani kabla ya hapo, mlango utafungwa kwa lakiri.

"Wanarudi lini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini alikuwa amechoka na mimi nimechoka, na uongo unataka nguvu.

"Jumamosi," nikasema.

Jioni nikaenda kwa Kitinda. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Binti yake akaninong'oneza kwamba amelifungasha na kulifungua mara tatu tangu juzi.

"Kuna tatizo, Dada?" Kitinda akauliza kabla sijakaa.

"Tatizo ni hizo soksi nne ulizotia. Unakwenda kuchomwa mionzi au kuchunga barafu?"

Hakucheka. Alinitazama na lile jicho lake la utotoni, la kuomba ruhusa ya kutokuwepo. "Kukiwa na usumbufu wowote, niambie. Nitabaki. Wala sitalia."

"Usumbufu wa nini? Watu wanangoja kuja kulala kitanda kizuri. Ukikataa wewe ndiye utawasumbua."

Akatikisa kichwa polepole. Mkono wake ulikuwa shingoni, pale penye uvimbe, anaufunika kama mtu anayeficha doa la chai mbele ya wageni.

Ijumaa nikafika manispaa kabla milango haijafunguliwa. Dirisha namba tatu wakanipeleka namba tano. Namba tano wakasema hilo ni la namba tatu. Viti vya pale vimepigiliwa chini ili watu wasiviibe, ingawa ukikaa saa mbili unajua hakuna mtu timamu angevitamani. Kila ninapoinuka magoti yanatoa maoni yao. Mbele yangu kulikuwa na mwenye hoteli anabishana habari ya vitanda vya watoto, kama mtoto ni kichwa kizima au nusu. Nyuma yangu mtu alikuwa amelala kabisa. Nikajiuliza kama naye atatozwa.

Saa sita kasoro nikaingizwa kwa mkuu wa idara. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, tai imelegezwa, faili limemfika kidevuni. Yule afisa wangu wa viatu alisimama pembeni. Mkuu akasoma kifungu, kidole chini ya maneno.

"'Mtu yeyote anayelala katika malazi kwa malipo, au kwa manufaa yoyote yanayolingana na malipo.' Unaona, mama, manufaa. Wewe umepata manufaa."

"Mkuu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atozwe."

"Wahenga hawakuwa na bajeti. Tena kuna msamaha. 'Isipokuwa ndugu wa mwenye nyumba.'"

"Kwa hiyo shemeji akija akakaa miezi mitatu, akamaliza sukari, akavunja kiti, halipi. Ila mwalimu aliyenifagilia mpaka uani, huyo alipe."

"Ndivyo."

"Basi sheria hii imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kutembelewa na mashemeji."

Afisa akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mkuu hakutikisika.

"Haya," nikasema, "nitozeni. Nilipe niende zangu."

"Siwezi kupokea. Mfumo unataka namba ya leseni ya nyumba ya wageni."

"Nipeni hiyo leseni."

"Leseni inataka vyumba visivyopungua sita, vyoo viwili na mlango wa dharura."

"Choo ni kimoja. Na dharura zote za nyumbani kwangu zimepita mlango wa mbele, hata jeneza la mume wangu. Basi nisameheni."

"Siwezi kusamehe. Sheria haikusema kubadilishana ni bure, na haikusema si bure. Mimi nitaandika juu, niombe ufafanuzi."

"Juu watajibu lini?"

"Ndani ya siku tisini."

"Mkuu, mdogo wangu ana mashine Jumatatu."

Nikamweleza. Sikutia chumvi, sikutia utani. Nilimweleza uvimbe, na wiki sita, na mtu ambaye hataki kumbana mtu yeyote hata kwenye benchi. Nilimwambia akisikia kuna ofisi imeingia katika habari hii atafungua begi lake atandike kitanda chake, na itakuwa ndiyo basi. Nilipomaliza, Mkuu alivuta droo, akatoa fomu, akaisukuma mezani huku anaangalia dirishani.

"Mama. Hawa watu wawili, una hakika si ndugu zako?"

Nikamwelewa. Jamani, mimi uongo nimeukuta duniani nikaukuza kama mtoto wangu, kwa kuwa wa kuzaa sikujaliwa. Nilichukua kalamu. Penye uhusiano nikaandika: *kaka yangu na wifi yangu*. Kwa mwandiko mzuri.

"Inatakiwa na mgeni athibitishe," akasema Mkuu. "Tumpigie tu, dakika moja."

Akapiga, akaiweka simu mezani ili sote tusikie. Sauti ya Mwalimu ikaja, safi, kama yuko mbele ya darasa.

"Mwalimu, kuna mama hapa anasema ninyi ni ndugu."

"Nani? Mama mwenye nyumba? Hapana. Ni mtu mwema sana, lakini si ndugu yangu."

Nikainama kwenye simu. "Kaka! Ni mimi, dada yako!"

Mwalimu akasema, taratibu, bila hasira: "Mama, mimi dada zangu walikuwa wawili. Wote nimewazika kwa mikono yangu."

Nikajirudisha nyuma kwenye kiti.

"Nimefundisha uraia miaka thelathini na mmoja," akaendelea. "Nikitia saini uongo leo, wale watoto nitawatazamaje? Wengine sasa ni wazee, nakutana nao. Niko tayari kulipa. Semeni ni kiasi gani."

"Hakuna kiasi," Mkuu akasema kwa unyonge. "Ndilo tatizo."

Alipokata simu aliichukua ile fomu, akaichana katikati, akatia ndani ya ndoo ya taka. Hakuwa mtu mbaya. Lakini sasa alikuwa amesikia, na sikio la serikali likishasikia halina kifuniko.

Nilitoka nikakaa kwenye kile kiti kilichopigiliwa. Moyoni nilimpa Mwalimu alama mbili kwa kumi, tena mbili za mwandiko. Halafu hasira ikaniisha, ikabaki ile ya chini yake, ambayo si hasira. Nilichoka mpaka kwenye nyayo. Niliona nitakavyoingia kwa Kitinda jioni, na uso wake utakavyolegea kwa faraja nikimwambia haiwezekani. Faraja ndiyo niliyoiogopa. Kama angelia ningejua la kufanya.

Simu ikalia. Alikuwa Mke wa Mwalimu.

"Wifi," akasema.

"Wifi gani tena? Mumeo amenikana mbele ya serikali."

"Nimesikia, nilikuwa jikoni. Wewe ni wifi yangu wa uongo, nimekukubali. Sasa sikiliza. Binti yetu amejifungua jana, siku hazijatimia. Mapacha, wazima, wadogo kama nusu ya mkate. Sisi tunakuja kesho hata iweje. Tutakaa kwake, palepale chumbani."

"Chumba kile? Kitanda kimoja, jiko, mzazi na watoto wawili?"

"Tutajibana."

"Na Mwalimu alale wapi?"

"Mwalimu ametaka ukweli. Ukweli utalala sakafuni."

Nilicheka, nikaona yule mtu aliyelala nyuma yangu ameamka ananitazama.

"Nyumba yetu itabaki tupu," akasema. "Ufunguo nitauacha kwa jirani. Mchukue mdogo wako mje."

"Na huko kwenu hakuna ushuru?"

"Hakuna aliyeuliza. Na Mwalimu nimemnyang'anya simu asije akauliza."

"Wifi, kwangu kuna vitanda viwili vimetandikwa."

"Najua. Nimevilalia."

"Na mdogo wangu akijua ninyi mko chini kwa ajili yake, hatapanda lile basi."

"Basi hatajua. Au na wewe umefundisha uraia?"

Nikarudi ofisini kumwambia afisa wa viatu aandike kwamba nyumba yangu kuanzia kesho haina mgeni wala mwenyeji. Akaandika. Akasema kwa haya kidogo kwamba itabidi apite Jumatatu kuhakikisha.

"Pita. Ukichoka kaa barazani. Ila usisinzie, utakuwa umelala mjini kwa manufaa."

Jumamosi walifika. Mimi na binti wa Kitinda tukabeba godoro la chumba namba mbili kwa mkokoteni mpaka kwa binti wa Mwalimu, kwa sababu sheria niliisikiliza vizuri na haikutaja magodoro. Halikuenea. Tulilikunja upande mmoja ukutani, mlango ukawa unafunguka nusu, na ilionekana wazi kwamba Mwalimu atalala miguu iko chini ya meza ya jiko. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na nusu ya mkate mkononi, namaanisha mjukuu wake mmoja, hajui amweke wapi. Alinitazama.

"Mama, sikukusudia kukuumiza."

"Najua, Mwalimu."

"Ingekuwa kwa neno tu la mdomo, pengine. Lakini saini..."

"Nyoosha mgongo, Mwalimu. Utauhitaji usiku."

Nyumbani kwangu nilifunga madirisha, nikafunga mlango, nikaondoka Jumapili na Kitinda. Ndani, kitanda kimoja bado kilikuwa na taulo juu yake. Nyumba nzima, halali kabisa, haina mtu, na mwendo mfupi kutoka pale watu watano wanapokezana hewa ya chumba kimoja. Sheria ilikuwa imeshinda bila kupata hata senti.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine. Mlango wake ni mnene kuliko wa benki. Watu walikaa wamefunga vitambaa shingoni, vichwani, kifuani, kila mtu na pake, na hakuna anayezungumza na mwenzake. Kitinda alikaa kwenye ncha ya benchi ili asichukue nafasi.

"Wale wamefika salama?" akauliza.

"Wamefika."

"Wamelala wapi?"

"Wapi tena? Kwangu."

"Mwalimu alikuwa analalamika mgongo."

"Umeshapona. Amelala kitanda cha dirishani mpaka saa mbili asubuhi. Mkewe amenipigia, anasema alikoroma mpaka jirani wa mkono wa kushoto akagonga ukuta."

Akatabasamu kidogo. "Na mkewe?"

"Mkewe amelikuta jiko langu, anasema hatoki. Jana ameoka. Amepanga vyombo vyangu upya, nikirudi nitatafuta kijiko mwaka mzima. Asubuhi wamekaa barazani wawili hao kama maharusi, binti yao akawaletea mapacha, akawaachia, akaenda zake kulala. Wanasema wangejua wangekuja zamani."

"Kweli?"

"Wanaomba tusirudi mapema."

Aliniangalia. Nilimtazama machoni, kwa sababu uongo ukiutupia sakafuni watu huuona. Muuguzi akafungua ule mlango, akaita jina la Kitinda, lile la kwenye vyeti ambalo hata mimi huchelewa kulitambua.

"Basi hatujamsumbua mtu," akasema.

"Hata nzi."

Akavua kitambaa chake cha shingo, akanipa, akainuka. Aliingia bila kugeuka nyuma. Mlango ukajifunga polepole, taa nyekundu ikawaka juu yake.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Zilibaki ishirini na tisa, na namjua mdogo wangu: kila asubuhi angeniuliza wamelalaje. Nikanyoosha magoti, nikaegemea ukuta, nikaanza kutunga ya kesho.